Samaki Wanaopotea Usiku: Nani Akae na Nani?

Mama mwenzetu mmoja wa Kigoma mjini alituita nyumbani kwake baada ya ibada ya Jumapili. Tulidhani kuna mgonjwa. Kumbe alitaka ushauri juu ya msichana wake wa kazi, binti wa miaka 20 kutoka Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini ya hifadhi ya Gombe. Alikuwa ameamua kumrudisha kwao kesho yake kwa boti ya Kibirizi.

Kosa la binti lilikuwa samaki. Sebuleni mlikuwa na tangi la kioo ambalo baba mwenye nyumba aliwanunulia watoto. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili wakubwa wenye nundu kipajini na mistari myeusi ubavuni, wanaoitwa frontosa, pamoja na kundi la samaki wembamba 12. Katika wiki tatu wale wembamba walibaki watano. Hakuna aliyeonekana akielea, wala aliyeokotwa sakafuni. Kila asubuhi mtoto mdogo aliwahesabu akalia. Mama akaamini kwamba binti anaacha mfuniko wazi, paka anajilia, kisha yeye anaficha.

"Mama, hao wakubwa ndio wanaowala," binti alijitetea. "Wanawala usiku."

"Mbona mchana wanakaa vizuri?" mama akamjibu kwa hasira.

Tulimwomba avute subira usiku mmoja tu. Mshahara wa binti yule ndio unaowanunulia wadogo zake madaftari, na jina la uongo likishafika kijijini halifutiki upesi. Taa zikazimwa, paka akafungiwa jikoni, nasi tukakaa kimya. Ilipokaribia saa tano tukawasha tochi. Mkia mwembamba ulikuwa umebaki nje ya mdomo wa frontosa.

Akina mama wengi hupenda tangi la samaki, kwa maana linapamba nyumba na kuwafundisha watoto utunzaji. Lakini kabla ya kuchanganya samaki, yafaa tuyajue mambo machache.

PIMA MDOMO KWANZA

Samaki mkubwa hula kila kinachoenea mdomoni mwake. Frontosa ni mpole na mwendo wake ni wa taratibu, ndiyo maana hudanganya. Katika Ziwa Tanganyika hukaa kwenye miamba ya kina kirefu, na huwinda samaki wembamba wa jamii ya Cyprichromis wakati wa giza, wakiwa wametulia. Basi, wale wa sebuleni walifanya yale yale ya ziwani.

Tena, usidanganywe na umbo la dukani. Frontosa anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole atafikia sentimeta 30 na zaidi. Kundi lake linahitaji tangi la lita 400 au 500. Mwenzake mzuri ni samaki mzima, mwenye mwili mpana usiomezeka, asiye mgomvi. Altolamprologus, samaki bapa wa ziwa letu, akishakua anafaa. Kuhe hafai kabisa. Huyo ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamii ya sato na perege duniani, na tangi la sebuleni kwake ni jela.

CHAKULA NA MAJI

Wasiokula chakula kimoja wasiwekwe pamoja. Tropheus, samaki wa miamba ya ufukweni, hula majani membamba yanayoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu. Akilishwa chakula cha frontosa, chenye dagaa na kamba, huvimba tumbo na kufa. Isitoshe, Tropheus wawili au watatu hawakai kwa amani, kwani mnyonge hupigwa mpaka afe. Hutaka kundi la 12 au zaidi, ili ugomvi usimwelemee mmoja.

Maji nayo yana tabia yake. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470, lina maji magumu yenye magadi kidogo, na joto la nyuzi 25 hadi 27 hivi. Samaki wa mito ya Amerika ya Kusini waliozoea maji laini hawataishi vema humo, hata kama ni wakubwa. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na katika maji ya aina hii sumu yake ni kali zaidi. Badilisha sehemu ya maji kila wiki, wala usijaze samaki kupita kiasi.

MAMA ALIYEDANGANYWA

Frontosa jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni kwa muda wa mwezi na zaidi. Hapo ajihadhari mwenye tangi na gogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus. Gogogo huyu hutaga mayai yake katikati ya mayai ya samaki wa namna hiyo, na mama huyaokota yote bila kujua. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, wakawala watoto wa mwenye mdomo humo humo. Ukitaka frontosa wako wazae, usimweke huyu.

MGENI ATENGWE KWANZA

Wodini mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza hatumlazi kati ya watoto. Samaki mpya naye akae wiki mbili au tatu katika chombo chake. Tazama mapezi yake, kinyesi chake na anavyokula. Akiwa mzima, panga mawe upya siku ya kumwingiza, ili wenyeji wasimfukuze kwa kulinda mahali pao. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, nawe mwulize: atakua kiasi gani, anakula nini, anawinda lini?

Wale wembamba waliosalia walihamishiwa kwenye tangi dogo, na mtoto sasa anawahesabu bila kulia. Frontosa hawakuadhibiwa, maana hawakutenda kosa. Sisi wenye nyumba ndio tuwapangao.

Asubuhi ile boti ilikwenda bila binti. Mama alimwita mezani mbele ya watoto, maana mbele yao ndipo alipomshitaki. "Mwanangu, nilikusingizia. Unisamehe," akasema. Binti aliinamisha kichwa, akajibu, "Nimekusamehe, mama." Kisha akaulizwa jambo ambalo hakuwahi kuulizwa: amewajuaje samaki hawa? Akasema baba yake ni mvuvi, na tangu utoto amewapasua samaki matumbo akaona walichomeza.

Kwa wiki tatu nyumba ile ilikuwa na mtu anayejua jibu, naye alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mama mwenzetu, je, kwako yuko nani ambaye hujamwuliza?