Sarafu za Shosho Ziko kwa Mkebe? Soma Hii Kabla Uzipeleke kwa Mtu wa Skrapu

Kuna msee wa Florida, Marekani, alihanya na sarafu za mtu, mali ya makumi ya maelfu ya dola. Unajua alizifanyia nini? Zingine alizimwaga kwa ile mashine ya supamaketi yenye inahesabu chenji na kukupea noti. Mashine haijui historia. Inasoma tu dola moja ni dola moja. Jamaa akatoka na pesa haiwezi nunua hata viatu za maana, na bado akashikwa.

Unacheka? Poa. Sasa jiulize ule mkebe wa Kimbo uko ocha, wenye umejaa ndururu na sumuni za kitambo, uliendaga wapi. Kuna mtoi alicheza nazo zikapotea. Kuna nyumba zilienda na gunia la chuma, zikapimwa kwa kilo. Na ile sarafu ya 40 bob ulipea konda juzi, ulidai tu ikutoke kwa mfuko.

Hapa ndio watu huchomeka. Sarafu inaweza kuwa na bei mbili: ile imeandikwa juu yake, na ile mtu ako tayari kulipa. Ukienda benki, unapewa ya kwanza. Benki haikuibii, hiyo ndio kazi yake. Ni wewe hukujua.

Ni nini hufanya sarafu ikuwe na bei?

Ni vitu tatu. Ya kwanza ni chuma yenyewe. Kabla Kenya ipate shilingi yake, tulikuwa tunatumia pesa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Zile shilingi zake ziko na simba na milima, za kuanzia 1921 hadi 1946, robo yake ni fedha halisi, ile ya kutengeneza pete. Shilingi moja ina karibu gramu mbili za fedha. Florini ya 1920, yenye ilitangulia shilingi, ni nusu fedha, karibu gramu sita. Kuanzia 1948 wakatoa fedha wakaweka shaba na nikeli. Kwa hivyo shilingi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikuwe na fedha ndani na ingine isikuwe nayo. Tofauti ni mwaka tu.

Hizi pesa zilikufa rasmi 1969, kwa hivyo hata ukipeleka benki leo unarudishwa. Ndio maana watu hudhani ni takataka, na mtu wa skrapu anazibeba kwa bei ya sufuria imetoboka.

Kama uko na anko alikuwa majuu, angalia pia kwota za Marekani. Za 1964 kurudi nyuma ni asilimia 90 fedha, kama gramu tano na nusu kila moja. Ukizibadilisha kwa forex kama senti 25, umepeana fedha ya bure.

Ya pili ni uhaba, lakini uhaba wenye unatafutwa. Hapa lazima tuambiane ukweli: kuwa ya zamani si kuwa ghali. Chukua zile senti 10 na senti 5 ziko na tundu katikati, za 1936. Zingine zimeandikwa EDWARDVS VIII. Huyo ni mfalme wa Uingereza mwenye aliacha kiti Desemba 1936 kabla hata avishwe taji, juu ya mwanamke. Kwao hawakuwahi kutoa sarafu zake zitumike na raia, lakini huku kwetu zilitoka, kwa sababu zenye tundu hazihitaji sura ya mtu. Sarafu ya dhahabu ya huyo huyo mfalme iliuzwa pauni milioni moja mwaka wa 2020. Sasa ile yako ya senti 10? Dola chache tu, kwa sababu zilitengenezwa mob. Mfalme ni mmoja, bei ni mbingu na ardhi.

Kwa zile za Kenya, chunguza ile ya shilingi 5 ya 1973, iko na kona tisa na ilitolewa kusherehekea miaka kumi ya uhuru. Angalia pia shilingi 2 za miaka ya sitini. Hiyo sarafu ilidumu miaka michache tu ikaachwa. Sarafu za kwanza za Kenya, za 1966, zina sura ya Mzee Kenyatta bila jina lake pembeni. Jina liliongezwa 1969. Na kama familia yenu ilikuwa na doh, kuna za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 zilitolewa 1966. Hiyo hata usiandike kwa status, jinyamazie.

Ya tatu ni hali yake. Sarafu mbili za mwaka mmoja, moja imesuguliwa na mifuko miaka thelathini, ingine bado nywele za simba zinaonekana. Ya pili inaweza kushinda ya kwanza mara kadhaa.

USIOSHE!

Hii weka kwa herufi kubwa kichwani. Wasee wakipata sarafu nyeusi, kitu ya kwanza ni limau, jivu, dawa ya meno, ama ile waya ya kuosha sufuria. Ing'ae kama mpya. Buda, umeua bei. Ile rangi ya uzee ndio wakusanyaji wanataka, na mikwaruzo ya kusugua wanaiona mara moja. Iache vile iko. Ishike kwa ukingo, iweke kwa karatasi, basi.

Cheki hivi kabla uuze

Soma mwaka na jina la mfalme ama rais. Pima uzito, hata kwa mizani ndogo ya jikoni. Jaribu sumaku: fedha haishikwi, kwa hivyo ikinasa, ujue si fedha. Isiponasa bado hujashinda, kwa sababu shaba na nikeli pia mara nyingi hainasi. Ndio maana mwaka ni muhimu.

Halafu piga picha pande zote mbili, uitafute kwa Numista, katalogi ya bure mtandaoni. Ukitaka bei, ingia eBay lakini uangalie zenye zimeshauzwa. Mtu anaweza kuitisha milioni kwa kopo la maji. Kuitisha si kuuza.

Na wakora je?

Wako, na wanakungoja. Kule Afrika Kusini watu walidanganywa sana na ile randi 5 ya Mandela ya 2008. Stori ikaenea eti inanunuliwa pesa ndefu. Ukweli ni kuwa zilitengenezwa kwa mamilioni na nyingi thamani yake ni hiyo randi tano.

Huku ni mchezo ule ule. Unaona tangazo: "Tunanunua sarafu za zamani laki tano." Ukiwasiliana, unaambiwa utume kwanza pesa ya usajili, ama ya cheti, ama ya mtu wa kuja kuchukua. Shika hii: mnunuzi ndiye hulipa. Mtu akikuitisha hata soo moja ndio akununulie kitu yako, mblock.

So wikendi hii ukishuka ocha, usiitishe tu ugali na kuku. Muulize shosho kuhusu ule mkebe. Pengine utapata za kuuza, pengine utapata stori ya venye ndururu moja ilikuwa inanunua vitu dukani. Lakini akisema hauzi, heshimu. Ni zake.