Maski ya uso: Ijue ngozi yako kabla ya kuipaka chochote

IWAPO umewahi kuishi Lowarengak, huhitaji kuambiwa upepo wa Ziwa Turkana unaufanyia uso nini. Jua huwa kali tangu asubuhi, upepo unapeperusha mchanga, na anayeshinda ufuoni akianika samaki hurudi nyumbani jioni mashavu yamepauka, midomo imepasuka na vumbi limegandamana na jasho kwenye paji la uso. Hapo ndipo mtu hukumbuka pakiti aliyoinunua Lodwar au Kakuma, au ushauri wa rafiki kwamba udongo, limau na asali vitamrudishia uso wake wa zamani.

Maski tunayozungumzia leo si barakoa iliyotufunika pua na mdomo wakati wa korona. Ni mchanganyiko unaopakwa usoni, ukaachwa kwa dakika chache kisha ukaoshwa au kupanguswa. Inaweza kuwa ya udongo, ya asali, ya matunda, au kitambaa chembamba kilicholoweshwa dawa.

Maski hizi zinaweza kukusaidia na pia zinaweza kukuumiza. Tofauti iko katika jambo moja: je, maski hiyo inaipa ngozi yako maji na mafuta, au inayanyonya? Anayeishi mahali penye joto na unyevu kama Lamu au Mombasa anaweza kustahimili maski inayonyonya. Lakini Lodwar na vitongoji vyake hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka wa kawaida, na hewa yenyewe inanyonya maji ya ngozi yako kutwa nzima. Ukiongeza maski inayonyonya zaidi, unajitafutia madhara.

Pima ngozi yako nyumbani

Huhitaji mashine wala mtaalamu kuijua ngozi yako. Jioni, osha uso kwa maji safi na sabuni ya kuogea isiyo kali. Usitumie sabuni ya mche ya kufulia. Jikaushe kwa kugusagusa kitambaa, usipake chochote, kisha ungoje saa moja. Baada ya hapo jitazame kwenye kioo.

Ukiona uso mzima unang'aa, ngozi yako ni ya mafuta. Ukihisi inabana unapocheka na kuna vigamba vidogo, ni kavu. Iwapo paji la uso, pua na kidevu vinang'aa lakini mashavu yamepauka, ngozi yako ni mchanganyiko. Na kama sabuni peke yake imekuachia mwasho au moto usoni, ngozi yako ni nyepesi kudhurika.

Rudia kipimo hiki msimu ukibadilika. Mwenye ngozi ya mafuta aliyehama kutoka Kisumu kwenda Kakuma anaweza kushangaa kuikuta imekuwa kavu.

Ngozi kavu

Hii ndiyo ngozi ya wengi kaskazini, na ndiyo inayoonewa zaidi. Usiipake udongo. Chukua kijiko kimoja cha asali na kijiko kimoja cha maziwa lala yenye mafuta yake, au robo ya parachichi lililoiva na kupondwa. Paka usoni ukiacha macho na midomo, kaa kivulini kwa dakika 15, kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye maji.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko maski yenyewe. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya kujipaka ya kawaida yasiyo na manukato. Yatayafungia maji ndani. Ukingoja mpaka uso ukauke kabisa, umechelewa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya maduka kufika. Kwa vizazi vingi, Waturkana wamepaka ngozi mafuta ya mifugo, na pengine kuyachanganya na ngeu, ule udongo mwekundu. Tazama kwamba udongo huo hauwekwi peke yake ukakauka. Unachanganywa na mafuta, na mafuta ndiyo yanayoikinga ngozi.

Ngozi ya mafuta

Hapa udongo una kazi yake, kwani hufyonza mafuta yaliyozidi. Tumia udongo mweupe uliosafishwa, unaoitwa kaolini, kutoka duka la dawa au la vipodozi. Uchanganye na maji safi mpaka uwe kama uji mzito. Paka safu nyembamba, mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi dakika 10.

Wengi hukosea kwa kungoja udongo ukauke mpaka upasuke, wakidhani hapo ndipo unapofanya kazi. Sivyo. Udongo uliokauka kabisa huanza kunyonya maji ya ngozi yenyewe. Uoshe ukiwa bado na unyevu kidogo, na kwa upepo wa Lowarengak hata dakika tano zinaweza kutosha.

Usidanganyike kwamba ngozi ya mafuta haihitaji kupakwa kitu baadaye. Paka losheni nyepesi.

Mchanganyiko na nyepesi kudhurika

Mwenye ngozi mchanganyiko anaweza kutumia maski mbili kwa wakati mmoja: udongo kidogo kwenye paji, pua na kidevu, na asali mashavuni. Hakuna sheria inayosema uso mzima upakwe kitu kimoja.

Mwenye ngozi nyepesi kudhurika atumie uji wa oti uliopoa, bila sukari, chumvi wala manukato, kwa dakika 10. Ukihisi kuungua, toa mara moja. Kuungua si dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Yeyote uliye, jaribu kila maski mpya kwanza kwenye mkono, upande wa ndani karibu na kiwiko, na ungoje siku nzima. Kisichofaa mkononi hakifai usoni. Watoto wadogo hawahitaji maski ya aina yoyote.

Usichote udongo ufuoni

Labda unajiuliza kwa nini ununue udongo wakati umezungukwa na udongo. Sababu ya kwanza ni magadi. Ziwa Turkana lina maji ya magadi ambayo kipimo chake cha pH huzidi 9, ilhali ngozi ya binadamu hukaa karibu na 5. Udongo wa ufuoni na maji ya ziwa huondoa kinga ya juu ya ngozi na kuiacha ikibana. Ukinawa ziwani, malizia kwa kikombe cha maji baridi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kwa miaka mingi Turkana imehesabiwa miongoni mwa sehemu zenye visa vingi zaidi duniani vya ugonjwa wa haidatidi, unaosababishwa na tegu wa mbwa. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mbwa, hukaa udongoni, na mtu akiyameza humea ndani ya ini au mapafu na kuwa uvimbe mkubwa wa maji. Tangu miaka ya 1980 shirika la Amref limepigana na ugonjwa huu huko, na wagonjwa wengi wamelazimika kupasuliwa. Udongo uliochotwa mahali mbwa wanapozurura, ukapakwa karibu na midomo kwa vidole, unaweza kukuletea mayai hayo mpaka kinywani.

Vilevile usishirikiane na mtu kitambaa cha kupangusia uso, hata mkiwa ndugu. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoongoza kwa upofu wa kuambukizwa duniani, upo Turkana, na husambazwa na nzi, mikono na vitambaa vyenye matongo ya mgonjwa. Kuosha uso ni mojawapo ya hatua nne ambazo Shirika la Afya Duniani hupendekeza dhidi yake, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Msusi akitaka kukupangusa kwa taulo aliyomtumia mteja mwingine, kataa kwa upole.

Limau, dawa ya meno na shubiri

Limau halifai usoni. Asidi yake huchoma, na mabaki yake yakipigwa na jua yanaweza kuleta malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Magadi ya kupikia na dawa ya meno pia huwasha ngozi. Anayetaka kuondoa doa moja hujikuta na matano.

Shubiri, ambayo Waturkana huiita echuchuka, ina ute wa ndani unaotuliza ngozi iliyounguzwa na jua. Kata jani, liache utomvu wa manjano utiririke wote, lioshe, kisha tumia ute mweupe pekee, kwani utomvu ule huwasha. Lakini usiende kung'oa mimea porini. Uvunaji holela wa shubiri ya mwituni ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1986, na kanuni za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa leseni. Panda shina moja karibu na nyumba, linatosha familia.

Maski inayoahidi weupe

Tumefika penye hatari kubwa kuliko zote. Maski ikiahidi kukung'arisha ndani ya siku saba, rudisha kwenye rafu. Baadhi ya bidhaa hizi huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka wa 2013, ulizitaka nchi wanachama ziache kutengeneza na kuuza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki ifikapo mwaka 2020. Hata hivyo, bado vinauzwa kimagendo.

Soma kibandiko. Maneno kama "mercury", "calomel" au "mercurous chloride" ni zebaki. Bidhaa isiyo na orodha ya vilivyomo, au iliyoandikwa kwa lugha usiyoielewa, ni ya kuachwa. Nyingine huwa na haidrokwinoni, au steroidi kali kama klobetasoli, ambayo huifanya ngozi kuwa nyembamba, kuota chunusi na kuonyesha mishipa ya damu. Kama umekuwa ukiitumia kwa muda mrefu, usiache kwa ghafla peke yako, kwani uso unaweza kuwaka. Nenda kliniki ukasaidiwe kuipunguza.

Usisahau kwamba weusi wa ngozi yako ni mwavuli. Ukiuondoa katika nchi ya jua kama Turkana, umejivua kinga.

Maski haiwezi kila kitu

Maski hulainisha ngozi ya juu kwa siku moja au mbili. Haiondoi makunyanzi yaliyoletwa na jua, wala haiponyi chunusi sugu. Kofia pana au leso kichwani, na mafuta asubuhi na jioni, vitafanya zaidi ya maski kumi. Na nyakati za ukame, maji yakiwa haba, ya kunywa na ya kunawa yatangulie. Hakuna aliyewahi kuugua kwa kukosa maski.

Nenda kwenye zahanati au hospitali ya Lodwar usipojiponya kwa nyumba ukiona uso umevimba, unatoa usaha, una mabaka yanayoenea, au baka lisilohisi ukiguswa. Hilo la mwisho linaweza kuwa ukoma, ambao hutibika kabisa ukigunduliwa mapema. Usifunike baka kwa maski. Mpeleke mganga alione.

Basi jioni ya leo, kabla ya kufungua pakiti yoyote, nawa uso, kaa saa moja, kisha ujitazame kwenye kioo. Ngozi yenyewe itakuambia inachotaka, na mara nyingi huku kaskazini inachotaka ni mafuta kidogo na kivuli.