Kasulu ndani ya Kasulu: Elementi Zenye Jina Moja katika Uundaji wa Skima za XML

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kuunda skima ya XML pale ambapo elementi moja imo ndani ya elementi nyingine yenye jina lile lile. Mifano yetu tumeitoa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan Kibondo na Kasulu, kwa kuwa huko tatizo hili limo katika majina ya mahali hata kabla ya kompyuta kuwashwa.

XML, iliyopitishwa na muungano wa W3C mwezi Februari 1998, ni utaratibu wa kuandika data kwa lebo zinazobebana, kama vyungu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Skima ni maelezo yanayoamua lebo zipi zinaruhusiwa na ipi ikae ndani ya ipi.

2.0 Jina moja, vitu vitatu

Anayetamka “Kasulu” anaweza kuwa anataja kimojawapo cha vitu vitatu: Wilaya ya Kasulu, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, au Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Viwili vya mwisho vimo ndani ya cha kwanza. Kiswahili kina njia yake ya kuvitenganisha. Nomino ya ngazi hutangulia, na a-unganifu hupatana nayo: wilaya *ya* Kasulu, mji *wa* Kasulu. Katika mazungumzo nomino hiyo hudondoshwa, na muktadha hubeba mzigo wake. Kompyuta haina muktadha ila ule iliopewa.

Tuchukulie kwamba matokeo ya Sensa ya 2012 yamehifadhiwa katika faili ambamo kila ngazi imeitwa “eneo”, na kila “eneo” lina elementi “idadi”. Halmashauri ya Wilaya ilikuwa na watu 425,794, na ya Mji watu 208,244. Hivyo wilaya nzima ilikuwa na watu 634,038. Mtafiti akiiagiza programu ijumlishe kila “idadi” iliyomo chini ya wilaya hiyo, programu itachukua ile ya wilaya pamoja na zile mbili zilizomo ndani yake, na jibu litakuwa 1,268,076. Kila mkazi amehesabiwa mara mbili. Faili haina kosa la sarufi na skima haitalalamika. Mtu anayepanga madarasa au visima kwa jibu hilo hatajua kwamba amepotoshwa. Agizo lililo salama ni lile linalotaja watoto wa moja kwa moja tu, au linalotaja ngazi pamoja na jina.

3.0 Njia za kuunda skima

Katika DTD, aina ya maelezo iliyorithiwa kutoka SGML, jina moja la elementi lina tangazo moja tu kwa waraka mzima. “Eneo” la mkoa na “eneo” la kijiji hayana budi kuwa na umbo lile lile. Skima ya W3C ya mwaka 2001 iliondoa kifungo hicho kwa sehemu: elementi inaweza kutangazwa ndani ya mzazi wake, ikapewa aina tofauti na ile ya majina yake mahali pengine.

Njia rahisi ni ya kujirudia. Tunaunda aina moja, tuseme AinaEneo, ambayo ndani yake mna “eneo” la AinaEneo hiyo hiyo. Ni lazima “eneo” la ndani liwe la hiari. Likifanywa la lazima hakuna waraka wowote utakaotimiza sharti, kwani kila kijiji kitadai kingine ndani yake bila kikomo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba skima haizuii mkoa kuwekwa ndani ya kitongoji.

Njia ya pili ni kutumia jina moja lenye aina tofauti kwa kila kina: AinaMkoa hubeba “eneo” la AinaWilaya, nayo hubeba “eneo” la AinaHalmashauri, na kuendelea. Mwundaji akiijaribu kwa Kibondo itafanya kazi vizuri, kwani wilaya hiyo ina halmashauri moja. Akifika Kasulu atakwama. Kwa kawaida kata za mjini hugawanywa katika mitaa, na za vijijini katika vijiji na vitongoji. Kwa hiyo atataka “eneo” la AinaMji na “eneo” la AinaVijijini vikae bega kwa bega ndani ya wilaya moja. Kanuni inakataa: elementi zenye jina moja chini ya mzazi mmoja sharti ziwe za aina moja. (Hii ndiyo sababu tunashauri skima ijaribiwe kwa mfano mgumu kwanza.) RELAX NG haina katazo hilo, na toleo la 1.1 la skima ya W3C, la mwaka 2012, linaruhusu aina ichaguliwe kwa kutazama sifa ya elementi, mathalani sifa “ngazi”.

4.0 Jina moja au majina mengi?

Kwa maoni yetu, ngazi zilizowekwa kisheria zistahili majina yake zenyewe: “mkoa”, “wilaya”, “halmashauri”, “kata”. Jina la kujirudia lifae pale ambapo kina hakijulikani mapema, kama “maana” ndani ya “maana” katika kitomeo cha kamusi.

Hata hivyo hoja ya upande wa pili haina budi kutajwa. Mwaka 2012 Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo ikawa wilaya, na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Kila moja ina kata yenye jina lake, hivyo jina lililokuwa la kata ndani ya wilaya ya zamani sasa limo pia juu ya kata hiyo. Faili inayotumia “eneo” ingehitaji tu kuongezewa tawi na kuhamishiwa kata zake. Ile yenye majina mengi ingehitaji hivyo hivyo, wala lebo ya “kata” isingebadilika. Kinachovunjika katika zote mbili ni maagizo ya zamani yanayoifikia Kakonko kwa kupitia Kibondo. Nayo huvunjika kimya, kwa kurudisha orodha tupu. Kwa sababu hiyo kila eneo lipewe namba ya utambulisho isiyotegemea jina wala mzazi, na skima iikague namba hiyo isijirudie katika waraka.