Sutherland: Mji Unaolinda Giza Lake

Kiasi cha kilometa 370 kaskazini-mashariki ya Cape Town, juu ya milima ya Roggeveld katika Afrika ya Kusini, upo mji mdogo wa Sutherland. Kimo chake ni karibu meta 1,450 kutoka usawa wa bahari. Nchi inayouzunguka ni nusu jangwa iitwayo Karoo: mawe, vichaka vifupi, kondoo, na mvua haba. Wakati wa kipupwe theluji huanguka, na usiku halijoto hushuka chini ya sifuri. Mchana wageni hutembea milimani au huteremka kwa njia za mawe kuelekea nchi kavu ya Tankwa. Lakini wengi wao hufika huko kwa ajili ya usiku.

Hewa ndiyo adha kubwa ya mtazama nyota. Mvuke na vumbi hufifisha nuru, na mikondo ya hewa yenye joto mbalimbali huipinda, ndiyo maana nyota huonekana zikimetameta. Aliye mlimani, penye ukavu, huwa ameiacha chini yake sehemu iliyo nzito ya hewa hiyo. Tena miji mikubwa iko mbali, na taa zake haziangazi mawingu wala vumbi la mahali hapo. Kwa sababu hizo wanafalaki walijenga kituo chao katika miaka ya 1970, kiasi cha kilometa 15 nje ya mji.

Novemba 2005 ilizinduliwa hapo darubini kubwa iitwayo SALT. Kioo chake, chenye upana wa karibu meta 11, si kipande kimoja, bali ni vioo 91 vya pembe sita vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ajabu ni kwamba kioo hicho hakiinuliwi wala hakiinamishwi. Huzungushwa kuelekea upande unaotakiwa, kisha hutulia, na chombo kilicho juu yake ndicho kiifuatacho nyota inapopita. Hila hiyo ilipunguza gharama mno, ingawa kila nyota hubidi ingojwe wakati wake. Wageni huwekewa darubini nyingine, ndogo.

Hata asiye na darubini huona mengi, mradi awe na subira. Mboni ya jicho hupanuka upesi gizani, lakini kemikali iliyo katika chembe zinazohisi nuru hafifu huhitaji kama nusu saa kujijenga tena. Tochi nyeupe ikiwashwa, kungoja huanza upya; tochi nyekundu haidhuru sana.

Mwalimu wa jiografia ana somo zuri hapa. Ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota huonekana kuizunguka, huwa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilizo sawa na latitudo ya mtazamaji aliye kusini ya ikweta. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 7 tu. Sutherland ni nyuzi 32. Hivyo Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo ambazo Dar es Salaam huchomoza na kuchwa, huko hazichwi kabisa. Iliyo kubwa iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, nayo huonekana kwa macho matupu.

Giza hilo laweza kupotea. Wageni wanaofuata nyota wahitaji vyumba na mikahawa, na kila jengo jipya huleta taa. Sheria ya mwaka 2007 iliiwezesha serikali kutenga maeneo ya falaki na kudhibiti humo nuru na mawimbi ya redio. Wakazi hawakatazwi kuwasha taa. Taa yenye kofia humulika njia. Isiyofunikwa hupeleka angani sehemu ya umeme uliolipiwa.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili popote walipo: wahesabu nyota za Kilimia katika usiku usio na mwezi, kwanza karibu na taa ya barabarani, kisha mbali nayo, baada ya kungoja nusu saa.