Banquo Alisikia Yote

Kisa cha Macbeth wa Shakespeare kikisimuliwa hapa Kalemie, hukumu huwa ya haraka: walozi wamemponza, mke akamchochea. Waliosoma tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi ya mwaka 1968 wanajua mambo si mepesi hivyo.

Walozi wale watatu hawamwambii Macbeth aue. Wanamtajia cheo cha Cawdor, ambacho mfalme Duncan amekwisha kumpa, halafu wanamtajia ufalme bila kusema utapatikanaje. Wazo la kuua linamjia mwenyewe, kabla hajaonana na mkewe. Mke anachofanya ni kumtoa woga. Usiku Duncan anapouawa, ndiye anayewalewesha walinzi wa mfalme, na ndiye anayerudisha majambia chumbani mume anapogoma. Lakini Macbeth anapotuma watu wamuue rafiki yake Banquo, mke haambiwi kitu. Tangu hapo kazi yake inazidi kupungua katika utawala aliousaidia kuzaliwa, na tunakuja kumkuta akitembea usingizini, anasugua mikono.

Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika Kusini aliihamishia opera ya Verdi kuhusu Macbeth mashariki ya Kongo, walozi wakiwa wafanyabiashara wa kampuni ya kimataifa. Kwetu, wenye dhahabu na koltani, wazo hilo linaingia vizuri, pengine vizuri mno. Mlozi akiwa bwana mwenye fedha, Macbeth anabaki kibarua wake, na tunasahau kuuliza yeye mwenyewe alitaka nini.

Mimi namwangalia zaidi Banquo. Alikuwapo walozi waliposema, akasikia yote, na yeye akaahidiwa kuzaa wafalme. Duncan anapouawa anamshuku rafiki yake. Analisema hilo akiwa peke yake, na papo hapo anawaza kwamba kama ya mwenzake yametimia, huenda na yake yakatimia. Basi ananyamaza, anakubali mwaliko wa karamu, na jioni hiyo anauawa njiani.

Hesabu kama hizo za Banquo tumeziona hata kwetu. Oktoba 1996 AFDL, muungano wa waasi dhidi ya Rais Mobutu, iliundwa na wanaume wanne: Laurent-Désiré Kabila, André Kisase Ngandu, Anselme Masasu Nindaga na Déogratias Bugera. Kisase, mkuu wa kijeshi, aliuawa Januari 1997, wiki chache kabla ya AFDL kuingia Kalemie. Mei 17 Kinshasa ikaanguka. Masasu alikamatwa Novemba mwaka huohuo, na mwaka 2000 akauawa. Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake, kadogo, yaani mmoja wa askari walioingizwa jeshini wakiwa watoto, tarehe 16 Januari 2001. Sisemi Kabila ni Macbeth. Mobutu, aliyetawala miaka 32, hafanani hata kidogo na Duncan mpole. Ninachokiona ni muungano ambao kila mmoja ndani yake alikuwa na hesabu zake, na katika muungano wa namna hiyo mtu humwona mwenzake akiondolewa, akajipa moyo kwamba yeye hayamhusu.

Katika tamthilia, kabaila Macduff ndiye aliyekataa mapema. Hakwenda kumwona Macbeth akitawazwa. Baadaye akakimbilia Uingereza kutafuta jeshi, akamwacha mkewe na watoto bila ulinzi. Wote wanachinjwa. Kabla ya hapo mke anauliza kwa hasira mume gani huyu anayekimbia na kuiacha familia yake palepale anapopakimbia yeye. Akina mama wa ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, ambao waume zao walitangulia kukimbilia Kigoma, Tanzania, hawahitaji kufafanuliwa swali hilo. Shakespeare anamfanya Macduff shujaa wa mwisho, lakini hampi mahali popote pa kumjibu mkewe.