Wagonjwa 9 na makala moja: namna muganga Alvaro Morales alivyobadilisha matibabu ya kansa ya kibofu

Watu wengi katika inchi yetu wanabeba kovu dogo kwenye mkono. Ni alama ya BCG, chanjo ambayo mtoto mchanga hupewa ili kumkinga na kifua kikuu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chanjo hiyo hiyo, ikiingizwa ndani ya kibofu cha mkojo, inatumiwa kupambana na kansa.

Aliyefungua njia hiyo ni Alvaro Morales, mzaliwa wa Kolombia, muganga wa upasuaji wa njia za mkojo katika Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, Kanada. Mwaka wa 1976, yeye na wenzake wawili, Eidinger na Bruce, walichapisha makala fupi ya kurasa 4 katika jarida la The Journal of Urology. Iliwahusu wagonjwa 9 tu. Tangu hapo, watafiti wa inchi mbalimbali wameitaja katika kazi zao zaidi ya mara 1.000.

Tatizo lililomsumbua Morales lilijulikana na kila mpasuaji. Kansa nyingi za kibofu huanzia kwenye ngozi ya ndani. Muganga anapitisha chombo chembamba kwenye njia ya mkojo, anakata uvimbe, na mgonjwa anarudi nyumbani. Miezi michache baadaye, uvimbe mwingine unaota. Anakatwa tena, na tena. Kwa baadhi yao, kansa inaishia kuingia ndani zaidi, na hapo kibofu chote kinapaswa kutolewa.

Wazo la kutumia BCG halikutoka hewani. Mwaka wa 1929, mtafiti Mmarekani Raymond Pearl alieleza kwamba, kati ya maiti zilizochunguzwa, wale waliokuwa na kifua kikuu walionekana kuwa na kansa kidogo kuliko wengine. Baadaye, majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba BCG inaweza kuamsha askari wa mwili, ikiwa uvimbe ni mdogo na dawa inaugusa moja kwa moja. Morales aliona kwamba kibofu ni mahali panapofaa: ni kama mfuko, dawa inaingizwa kwa mpira mwembamba na kukaa humo.

Si wote walioamini. Ombi lake la fedha za utafiti lilikataliwa kwanza, kwa sababu wakati huo matumaini mengi juu ya BCG dhidi ya kansa nyingine yalikuwa yamekwisha kuvunjika.

Matokeo yake ndiyo yaliyojibu. Ukijumlisha miezi ambayo wagonjwa wale walifuatiliwa, kabla ya BCG uvimbe ulirudi mara 22 katika miezi 77. Baada ya BCG, ulirudi mara 1 katika miezi 41. Dawa ilitolewa mara moja kwa juma, kwa majuma 6. Kwa nini 6? Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: pakiti ya kiwanda ilikuwa na chupa 6. Hata leo, matibabu ya mwanzo bado ni ya majuma 6.

Katika ulimwengu wa sayansi, mtafiti anayeandika anapaswa kutaja kazi za wengine alizotumia kama msingi. Ndiyo sababu hesabu ya kutajwa huchukuliwa kama kipimo cha uzito wa kazi. Lakini hesabu peke yake haitoshi, kwani hata kazi yenye makosa inaweza kutajwa sana na wanaoipinga. Uzito wa makala ya Morales ni kwamba wengine waliijaribu upya na kupata jibu linalofanana. Mwaka wa 1980, Mmarekani Donald Lamm na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha wagonjwa waliopata BCG na wasiopata. Mwaka wa 1990, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matibabu hayo. Mwaka wa 2000, kundi la Lamm lilionyesha faida ya kuendelea kutoa dozi kwa vipindi hadi miaka 3.

Karibu miaka 50 baadaye, BCG bado inapendekezwa kwa kansa ya kibofu ambayo haijafika kwenye misuli lakini ina hatari kubwa ya kurudi.

Msomaji asikosee: kovu la mkononi halimkingi mtu na kansa ya kibofu. Chanzo kikubwa cha kansa hiyo duniani ni tumbaku. Barani Afrika, bilharzia ya mkojo isiyotibiwa kwa miaka mingi nayo inachangia. Dalili ya kwanza mara nyingi ni damu katika mkojo, hata bila maumivu, na inaweza kutoweka kwa muda. Kwa hiyo, anayeiona asingoje irudi. Aende hospitali apimwe.

Kwa waganga wetu pia kuna funzo. Kingston si mji mkubwa, na wagonjwa 9 si wengi. Lakini Morales alihesabu kila uvimbe uliorudi, akaandika, akachapisha. Bila maandishi hayo, wengine wasingekuwa na kitu cha kupima wala cha kuendeleza.