Neno Lenye Kicheko na Mwiba

Wahenga walionya kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Onyo hilo lina uzito wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, ambako lugha nyingi hukutana. Huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, wafanyabiashara kutoka Kongo huja na Kiswahili, Wakonzo husema Lukonzo, na maofisini hutumika Kiingereza. Kichina nacho kilifika Kilembe mwaka 2013, kampuni ya Kichina ilipokodishwa mgodi wa shaba. Serikali ilivunja mkataba huo mwaka 2017.

Mchina ajifunzaye Kiingereza mahali kama hapo hana budi kulijua neno 'ridiculous'. Hutamkwa 'ridikyulasi', na mkazo huwekwa kwenye 'di'. Msemaji wa Kiswahili, kwa mazoea ya lugha yake, huuweka kwenye 'la'. Asili yake ni Kilatini, na shina lake ni kucheka. Hata hivyo, neno hilo halisifu mzaha mwema. Hutajwa kwa jambo lililopotoka hata likastahili kuchekwa.

Kichina kina 'haoxiao' kwa kinachofurahisha na kuchekesha, na 'kexiao' kwa kinachochekwa kwa dharau. Neno la Kiingereza lakaribiana na hilo la pili. Mgeni akilitumia kusifu hadithi tamu ya mwenyeji wake, atakuwa amemvunjia heshima mbele ya jamaa zake. Kiswahili nacho chaijua tofauti hiyo: hadithi ya kuchekesha hupendwa, bali aambiwaye kuwa maneno yake ni kichekesho hukunja uso.

Mathalani, mgeni ametajiwa sokoni bei ya ndizi iliyo mara tano ya kawaida. Akiiita bei hiyo 'ridiculous', muuzaji ataudhika kidogo, kisha watapatana. Akimwita hivyo mama muuzaji mwenyewe, hayo ni matusi. Ugomvi huzuka na askari huitwa. Askari alijuaye neno hilo atauliza kwanza: limesemwa juu ya bei, au juu ya mtu? Jibu la swali hilo laweza kuzima ugomvi kabla haujafika kituoni.

Nyumbani pia mzazi na achunge. Kisingizio cha mtoto chaweza kuitwa kichekesho. Mtoto mwenyewe asiitwe hivyo kamwe.